Mlango Juu ya Mkokoteni

Juma lililopita tulimwacha Honorine Mwape uwanjani kwake, katika mtaa unaoitwa Kenya, akitazama mlango wa nyumba yake ukichomolewa kwenye bawaba. Wengi wameuliza kama alipiga kelele, au kama alimrukia mwanaume yule.

Hakufanya lolote. Alisogea kando ili mlango upite.

Aliyeubeba ni Adalbert, mdai madeni wa magasin, duka moja la mjini linalouza vitanda, redio na mashine za kushonea kwa mkopo. Kwa wasiomjua: ni mrefu, ana koti la kaki, na shingoni anavaa filimbi ya chuma. Filimbi hiyo ndiyo kazi yake. Anasimama mbele ya nyumba ya mwenye deni, anapuliza mpaka watu wa avenue nzima watoke, kisha anataja jina na deni kwa sauti ya padri. Wengi hulipa kabla hajapuliza tena. Wengine humpa saa ya mkononi, kuku, sufuria, chochote, ili anyamaze tu.

Kwa Honorine alipuliza asubuhi nzima. Majirani walitoka, wakatazama, wakarudi kuangalia vyungu vyao. Honorine aliketi kwenye kigoda akichambua mboga ya lengalenga.

"Mama, unasikia?"

"Ninasikia."

"Unaona bantu yote banakuangalia?"

"Ninabaona."

"Na hauna haya?"

Honorine alifikiri kidogo, kwa sababu aliulizwa. "Sijue," akasema.

Mumewe Kasonde alizikwa kabla mvua hazijaanza. Kifua kilimla taratibu, mpaka ile suti yake ya kanisani ikawa kama ya kuazima. Watoto wao wawili walipelekwa Lukafu kwa nyanya yao. Tangu hapo mambo yote yalimfikia Honorine kama sauti za jirani zinazopita ukutani. Alikula bila kuonja. Aliitwa, akaitika, halafu akasahau aliyemwita.

Adalbert hakuwahi kukutana na mtu wa namna hiyo. Aibu ilikuwa nyundo yake, na hapa haikupata pa kugonga. Ndipo alipouchomoa mlango akaulaza juu ya mkokoteni.

Kisha akarudi ndani. Hakukuwa na mlango wa kumzuia. Akatoka na mashine ya kushonea mikononi, kitambaa cha buluu kikining'inia chini ya sindano, blauzi iliyokuwa haijapata mikono.

"Ile kitambala iko ya muntu," Honorine akasema.

"Akuje kuilomba kwangu."

Gurudumu moja lilikuwa linalia. Honorine alilisikiliza mpaka likapotea kwenye kona, kisha akarudi kwenye lengalenga yake.

*

Mwenye kitambaa alifika alasiri. Ni Kapinga, mwanamke mnene wa Kasai anayeuza liputa, yaani vitenge, soko la Kenya, mwenye sauti ya kupanga watu foleni bila yeye mwenyewe kusimama.

"Mulango iko wapi?"

"Balibeba."

"Nani?"

"Ule wa filimbi. Deni ya Kasonde."

"Na kitambala yangu?"

"Ilikuwa ku mashini. Mashini nayo alibeba."

Kapinga akakaa chini palepale kwenye mchanga, na sketi yake nzuri. "Ile kitambala ya wax ni ya ndoa ya mutoto ya yaya, dada yangu mukubwa," akasema. "Samedi hii, mwisho wa wiki. Bantu banatoka Mbuji-Mayi. Nivae nini? Gunia?"

Kapinga akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza, yeye na lile shimo la mlango nyuma yake.

"Alikuonyesha karatasi ya tribunal?"

"Sikumulomba."

"Mudogo yangu, sikia. Hii mambo ninaijua vizuri, juu mie mwenyewe niliifanya." Akapunguza sauti, jambo ambalo kwa Kapinga ni nadra. "Mwaka jana muntu alikamata liputa yangu, akakataa kulipa. Nikaenda kwake, nikabeba kinga yake, baiskeli yake. Akapanda ile ya rafiki yake, akaenda ku tribunal. Juge alinirudishisha ile kinga mbele ya bantu, na pneu nikalipa, juu ilikuwa imetoboka. Aliniambia: mama, deni iko yako, lakini kinga haiko yako."

"Basi?"

"Basi muntu wa kudai anaweza kulomba. Anaweza kukuita mbele ya juge. Lakini kuingia mu nyumba na kutosha vintu inje, ile iko kazi ya huissier, mutumishi wa tribunal, na huissier anakuja na karatasi ya juge. Adalbert haiko huissier. Iko muntu wa filimbi tu. Kesho tunaenda."

"Yaya, nimechoka."

"Utachokea kule. Kuko banc ya kukaa."

Jioni Honorine alitundika blanketi mahali pa mlango, akajilaza kama kawaida, bila usingizi. Kama mwizi angeingia, angemkuta macho, na labda angesogea kando ili naye apite.

*

Pale mahakamani juge wa siku ile, yaani hakimu, aliitwa Mwansa, mtu mfupi mwenye mafua. Aliweka leso mezani kama wengine wanavyoweka kalamu. Alimsikiliza Kapinga, ambaye alisema yote, hata yasiyoulizwa, kisha akatuma polisi akamlete Adalbert kutoka mahali anapokunywa chai kila asubuhi.

Adalbert aliingia kifua mbele, filimbi shingoni.

"Weye ni nani?" juge akauliza.

"Huissier, Monsieur le juge."

"Huissier wa tribunal gani?"

"Ya hapa."

Juge akavua miwani. "Hapa niko na huissier mbili. Mumoja ni ule anasimama nyuma yako. Mwengine nilimutuma Kipushi asubui. Weye uko wa ngapi?"

Adalbert akageuka. Kweli, nyuma yake alisimama mzee mmoja mwembamba mwenye mkoba, akimtazama bila chuki.

"Nilitaka kusema huissier wa magasin."

Watu wa nyuma walicheka. Honorine alikuwa akitazama inzi kwenye leso ya juge.

"Karatasi yako ya kutosha mulango ya huyu mama?"

"Monsieur le juge, iko na deni. Bwana yake alikamata mashini, akakufa mbele ya kumaliza."

"Sikuuliza deni. Niliuliza karatasi."

"Hakuna."

Juge akamgeukia Honorine. "Mama, hii deni iko kweli?"

Kapinga akambana paja chini ya banc. Maana yake ilikuwa wazi: sema hapana. Kasonde yuko kaburini, waache magasin wahangaike kuthibitisha. Lakini kusema uongo kunataka nguvu, na kuulinda kunataka nguvu zaidi. Honorine hakuwa nazo.

"Iko kweli," akasema. "Bwana yangu alilipa mingi. Ilibakia kidogo."

Kapinga akatoa pumzi kwa pua. Juge akapenga kamasi, akafikiri, halafu akasema polepole, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, maana wengi waliokuwa mle wana madeni.

"Sikieni. Deni inabakia deni. Mwenye magasin akitaka falanga yake, akuje yeye mwenyewe, aonyeshe ilibakia ngapi. Mie njo nitaangalia kama inamuangukia huyu mjane, na kama inamuangukia, atalipa pole pole, sawa vile anaweza. Mpaka pale, hakuna muntu anaingia mu nyumba yake. Mulango ya muntu haibebwe. Mashini inayomulisha haibebwe. Na ile filimbi," akamtazama Adalbert, "muntu kuwa na deni haikupatie ruhusa ya kumuvua nguo mbele ya bajirani."

Akafuta miwani yake.

"Huyu, kwa kujiita huissier, atabakia ku cachot, afungiwe mule, mpaka mwenye vintu anapata vintu yake."

Polisi akamvua Adalbert mkanda, kamba za viatu na filimbi. Bila filimbi shingo yake ilionekana ndefu na nyembamba, kama ya mwanafunzi. Alipopitishwa karibu na banc alisimama.

"Mama, sema kitu basi."

Honorine alimtazama. Alitafuta furaha ndani yake, kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta ufunguo. Hakuipata. Huruma pia hakuipata.

"Tunaweza kwenda?" akamwuliza Kapinga.

Nje jua lilikuwa kali. Kapinga alitembea mbele, amenuna.

"Juu ya nini ulikubali deni?"

"Iko kweli."

"Kweli iko ya kanisa. Hii ni tribunal." Alisimama ghafla. "Na kitambala yangu? Hakuna hata mumoja aliuliza kitambala yangu."

Akaondoka kwenda sokoni bila kuaga.

*

Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, mkokoteni ulilia tena kwenye kona. Honorine aliutambua kwa lile gurudumu. Mlango ulikuwa umelala juu yake. Aliyesukuma alikuwa mwanamke kijana, mtoto mchanga mgongoni, miguu yake imejaa vumbi jekundu mpaka magotini.

"Mie ni Léonie," akasema. "Bibi ya Adalbert."

Honorine akasogea kando ili apite. Alikuwa amezoea.

Léonie hakupita. Aliteremsha mlango, akaokota jiwe, akaanza kunyoosha misumari mmoja mmoja juu ya kizingiti. Mlango ulikuwa mzito kwa mtu mmoja, hivyo Honorine akaenda kuushika upande wa pili. Wakawa wamesimama hivyo, mlango kati yao, mmoja akipiga, mwingine akizuia, na hakuna aliyemwona mwenzake uso. Ulipokaa sawa, Honorine aliufunga, akaufungua. Ulikwaruza chini kama zamani.

Aliona macho ya Léonie yakirudi kila mara kwenye chungu, akaelewa kuwa ana njaa. Akapika bukari, yaani ugali. Wakala sahani moja na ile lengalenga iliyobaki. Léonie alijaribu kula polepole na akashindwa.

"Na mashini?" Honorine akauliza.

"Haiko kwetu. Alishaiuza siku ile ile."

"Kwa nani?"

"Muntu wa Kambove. Jina siijue."

"Ku magasin banasema nini?"

Léonie akaacha kutafuna. "Magasin ilimufukuza tangu sikukuu ya Noël," akasema. "Ile filimbi anatembea nayo juu yake mwenyewe. Majina ya bantu ya deni aliyashika mu kichwa. Kile banamupatia, magasin haikione. Tunakula sisi." Alisema hivyo bila kuinamisha macho. "Nilimuambia aache. Akaniuliza, utakula nini?"

Kwa hiyo saa za mikononi, kuku na sufuria za Kenya nzima zilikwenda huko. Kwa hiyo watu walitoa vitu vyao, na madeni yao yakabaki palepale. Honorine alielewa yote hayo vizuri kabisa. Aliyaelewa kama anavyoelewa hesabu ya mtu mwingine.

"Mama, enda uambie mukubwa ya cachot amuachilie," Léonie akasema. "Kama Adalbert anatoka leo, mutaenda naye Kambove, mutaleta mashini. Kama anabakia mule, ule muntu ataiuzisha na yeye. Utakuwa na haki yako, lakini mashini hautakuwa nayo."

Mtoto mgongoni alianza kulia. Honorine alimtazama kwa muda. Bila mashine hakuna kushona. Bila kushona, kile kidogo kilichobaki cha deni la Kasonde kitakaa pale pale, na watoto watakaa Lukafu mwaka mzima, pengine na mwingine. Ilibidi achague kitu. Tangu mazishi watu walikuwa wakimchagulia, mpaka kitambaa cha kujifunga kichwani. Kuchagua sasa kulikuwa kama kusimama juu ya mguu uliokufa ganzi: unajua mguu upo, lakini huna hakika kama utakubeba.

"Tuende," akasema.

Léonie alifunga bukari iliyobaki kwenye jani la ndizi, chakula cha mumewe.

*

Mkubwa wa cachot alikuwa amekaa kwenye kiti nje, koti wazi, akimenya muwa.

"Tumekuja juu ya Adalbert," Honorine akasema. "Ninaomba umuachilie."

"Adalbert alishatoka."

"Nani alimutosha?"

"Mwenye mashini."

Honorine alifikiri kuwa hakusikia vizuri. "Mwenye mashini niko mie."

Yule mtu akaacha muwa. Akamtazama, akamtazama na Léonie, kama mtu anayeona kuwa siku yake imeharibika.

"Mwenye mashini alikuja asubui," akasema. "Mama munene, muntu wa Kasai. Anajua mambo ya tribunal sawa avocat. Alisema banasikilizana na Adalbert, kitambala inarudi kwake. Deni yenye ilibakia ataenda kuilipa ku magasin yeye mwenyewe, na mashini inakuwa yake. Juge hakukuja leo, mafua ilimuangusha. Jana juge alisema huyu abakie mpaka mwenye vintu anapata vintu yake. Mie nikaona mwenye vintu iko mbele yangu, nikafungua."

"Balienda wapi?"

"Pa soko, ku camion ya Kambove."

Léonie alikuwa bado ameshika lile jani la ndizi. "Hakupita ku nyumba," akasema, na hakuwa akimwambia yeyote.

Honorine alisimama. Akilini alimwona tena Kapinga amekaa kwenye mchanga na sketi yake nzuri. Alimsikia akisema mudogo yangu, sikia. Alihisi tena vidole vikimbana paja, sema hapana, na sasa akajiuliza hapana ile ilikuwa kwa faida ya nani.

Ghafla akasikia soko lote la Kenya kwa pamoja: mafundi wakigonga mabati, wanawake wakibishana bei, kwaya ikijizoeza mahali fulani. Aliona mikono yake. Ilikuwa imekunjwa ngumi na hakukumbuka kuikunja.

"Camion ingine inaondoka saa gani?"

"Ikijala," mkubwa wa cachot akajibu. Kisha, kwa sababu alijua amekosea, akaongeza kwa upole, "Mama, usifanye fujo kule. Kama unaikuta mu nyumba ya muntu, usiibebe. Rudi kwa juge, atakupatia karatasi na huissier wake."

Alikuwa sahihi, na Honorine alijua. Lakini alikuwa ameshaanza kutembea.

Pale sokoni camion, lori kuukuu, ilijaa haraka, magunia ya chumvi chini, watu juu. Honorine alipandishwa na mikono asiyoijua. Alipokaa aligeuka na kumwona Léonie akipanda nyuma yake, mtoto mgongoni, chakula cha mume asiyekuwepo mkononi.

"Weye unaenda wapi?" Honorine akauliza. Sauti yake ilitoka kali, akaishangaa.

"Na weye."

"Kufanya nini? Bwana yako alishatoka. Mulango ulirudisha."

Dereva aliwasha. Moshi mweusi ukawafunika, watu wakakohoa, camion ikaanza kujikokota kuelekea barabara ya Likasi. Léonie alingoja mpaka hakuna tena namna ya kumshusha.

"Nilikudanganya," akasema. "Muntu wa Kambove ninamujua. Ni baba yangu."

Honorine akamgeukia.

"Adalbert hakuiuzisha. Alimupatia. Hakumaliza kutoa mali ya kunioa, na baba alikuwa anamudai tangu nilizaa huyu mutoto. Kila mwezi anatuma muntu. Alisema kama mali haimalizike mbele ya Pasaka, anakuja kunirudisha kwake, mie na mutoto." Alimvuta mtoto mbele, akampa ziwa, akamfunika jua kwa kiganja. "Mama, mashini yako njo mali yangu. Siku inatoka mu nyumba ya baba, mie njo ninaingia mule."